Shilingi moja, kiti hakuna

Jumamosi ya Agosti 10, 1895, mtu mwenye shilingi moja aliweza kuingia Queen's Hall, ukumbi wa Langham Place katikati ya London, akasikiliza orkestra kamili tangu saa mbili usiku mpaka karibu saa tano. Kwa bei hiyo hakupewa kiti. Sehemu ya chini ya ukumbi iliachwa wazi makusudi ili watu wasimame, watembetembee, wale, wanywe, hata wavute sigara. Waliombwa jambo moja tu: wasiwashe viberiti mwimbaji anapoimba. Muziki wa kwanza kupigwa ulikuwa utangulizi wa Rienzi, opera ya Wagner, na aliyeshika fimbo ya kuongozea alikuwa kijana wa miaka 26, Henry Wood. Ndiyo yakaanza matamasha ambayo leo yanajulikana dunia nzima kwa jina la Proms.

Kusikiliza orkestra kwa kusimama hakukuanzia hapo. Paris ilikuwa na matamasha ya aina hiyo tangu miaka ya 1830, chini ya Philippe Musard. Miaka ya 1840 Mfaransa mwingine, Louis Jullien, akayaleta London kwa mbwembwe zake zote. Kila alipotaka kuongoza kazi ya Beethoven, Jullien aliletewa glavu safi nyeupe juu ya sinia la fedha, kisha akashika fimbo iliyopambwa kwa vito. Wapo waliomcheka, lakini ukumbi ulijaa.

Robert Newman, meneja wa Queen's Hall, hakuwa mtu wa glavu nyeupe. Alitaka kumvuta msikilizaji wa kipato cha chini kwa nyimbo anazozipenda, kisha ampandishe taratibu mpaka kazi nzito zimkolee. Kwa hiyo nusu ya kwanza ya usiku ilikuwa ya muziki mzito, na ya pili ikawa ya vipande vyepesi na nyimbo za mapenzi. Baadaye Jumatatu ikazoeleka kuwa siku ya Wagner na Ijumaa ya Beethoven, na sakafu ikajaa vilevile. Aliyetaka kuhudhuria msimu mzima alilipa gini moja, yaani shilingi 21.

Fedha za kuanzia zilitoka kwa George Cathcart, daktari wa koo. Masharti yake yalionyesha alivyokuwa daktari kweli. La kwanza, Wood awe kiongozi pekee. La pili, ala zote zishushwe sauti zifuate kipimo cha Bara la Ulaya, kwa kuwa kipimo cha Uingereza kilikuwa juu mno na kiliwaumiza waimbaji koo. Kwa wapiga fidla hilo lilikuwa jambo la kulegeza nyuzi tu. Wapuliza filimbi na tarumbeta walihitaji ala mpya, nao waligoma kuzinunua. Cathcart akazigharimia mwenyewe.

Wood naye alikuwa na ugomvi wake. Wanamuziki wa London walikuwa na mazoea ambayo dereva yeyote wa daladala angeyatambua mara moja: deiwaka. Mpiga fidla aliyepata kazi yenye malipo manono alimtuma mwenzake mazoezini, na siku ya tamasha huenda akaja wa tatu. Mwaka 1904 Wood na Newman wakapiga marufuku. Wanamuziki zaidi ya 40 wakaondoka, wakaunda orkestra yao wenyewe. Hiyo ndiyo London Symphony Orchestra, ambayo iko hai mpaka leo. Ni nadra mgomo wa wafanyakazi kuzaa chombo chenye umri mrefu namna hiyo.

Kadiri miaka ilivyokwenda, Wood alizidi kuwapima wasikilizaji wake. Septemba 3, 1912 aliwapigia kwa mara ya kwanza popote duniani vipande vitano vya orkestra vya Arnold Schoenberg, na ukumbi ukamzomea. Hakuchoka, mtindo wa kuleta kazi mpya ukabaki. Mwaka 1913 akaajiri wanawake katika orkestra, jambo lililokuwa geni kabisa kwa orkestra kubwa za wakati huo.

Fedha ndizo zilizotishia kuyaua matamasha haya zaidi ya mara moja. Newman alifilisika mwaka 1902. Mfadhili aliyemrithi, mwenye benki Edgar Speyer, alikuwa na asili ya Kijerumani, na chuki ya Vita vya Kwanza vya Dunia ikamfanya aihame Uingereza mwaka 1915. Kampuni ya Chappell ikashika usukani, nayo ikajitoa. Mwaka 1927 BBC ikayachukua, na tangu hapo asiye na nauli ya kufika London akaweza kuyasikia redioni.

Vita vya Pili vikaja na mabomu. Katika msimu wa 1940 ving'ora vilipolia, watu walizuiwa ndani ya Queen's Hall hadi hatari ipite, wakati mwingine usiku wa manane, na wanamuziki wakaendelea kuwaburudisha kwa chochote kilichowajia. Usiku wa Mei 10, 1941, saa chache baada ya tamasha la mchana, bomu la moto likauteketeza ukumbi huo. Matamasha yakahamia Royal Albert Hall, jengo la duaradufu lililofunguliwa mwaka 1871, lenye nafasi ya watu zaidi ya 5,000. Wood alifariki Agosti 19, 1944, mwaka wa hamsini wa Proms kwa hesabu ya misimu. Sanamu yake ya shaba, iliyookolewa kutoka kwenye vifusi vya Queen's Hall, huwekwa nyuma ya orkestra kila msimu, na usiku wa mwisho mashabiki huivisha shada la majani.

Hapo Albert Hall ndipo desturi za waliosimama zilipokomaa. Wapo katika uwanja wa chini, mbele kabisa ya orkestra, na wengine juu kabisa chini ya paa. Waliolipa kidogo kuliko wote ndio wanaomwona mpiga fidla akigeuza ukurasa. Shabiki wa taarabu, aliyezoea kuinuka katikati ya wimbo akamtunze mwimbaji, angeshangazwa na ukimya wao muziki unapopigwa. Kelele zao huja kati ya kipande na kipande. Mfuniko wa piano unapoinuliwa, wa chini hupiga ukelele kama wavuta kamba bandarini, na wa juu huwajibu. Piano ikitoa noti ya kulinganishia ala, hupiga makofi kana kwamba tamasha limekwisha. Hupitisha pia ndoo za mchango kwa ajili ya mifuko ya kusaidia wanamuziki, kisha hutangaza kwa pamoja, kwa sauti kubwa, kiasi kilichopatikana.

Ulimwengu wa televisheni unaujua zaidi usiku wa mwisho, wenye bendera na maputo. Kiini chake ni mkusanyiko wa nyimbo za mabaharia ambao Wood aliutunga mwaka 1905 kwa kumbukumbu ya miaka 100 ya vita vya majini vya Trafalgar. Katika sehemu ya ngoma ya mabaharia, waliosimama hupiga miguu na makofi wakijaribu kuishinda orkestra mbio, nayo huzidi kukaza mwendo. Hata hivyo, usiku huo pia ndio wenye mizozo. Mwaka 2020 BBC ilitangaza kwamba wimbo wa Rule, Britannia!, unaotaja utumwa na kutawala bahari, ungepigwa bila maneno. Kelele zilipozidi ikabadili uamuzi, na ukaimbwa katika ukumbi uliofungwa kwa watazamaji kutokana na UVIKO-19. Mwimbaji mkuu wa usiku huo alikuwa Golda Schultz wa Afrika Kusini.

Anayetaka kuielewa Proms asianzie kwenye bendera. Bora Jumanne yoyote ya Agosti, siku ambayo hakuna mgeni mashuhuri, au usiku kama ule wa Agosti 30, 2017, orkestra ya Chineke! ilipopanda jukwaa hilo kwa mara ya kwanza. Orkestra hiyo ilianzishwa mwaka 2015 na mpiga besi Chi-chi Nwanoku, na wanamuziki wake wengi ni weusi au wa asili mchanganyiko.

Msimu huanza katikati ya Julai na kwisha Septemba. Mwaka 2023 tiketi ya kusimama iliuzwa pauni 8, na nyingi hutolewa siku ileile ya tamasha. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa atakayejikuta London majira hayo asihangaike na suti. Avae viatu vinavyostahimili saa mbili za kusimama, na awahi.