Stesheni ya Manyoni na Njia ya Singida

Zamani, kabla reli haijajulikana katika nchi hii, masafa yaliyo baina ya Ugogo na Unyamwezi yalikuwa na jina lililowatia wapagazi hofu kabla hata ya kuyafikia: Mgunda Mkali. Lilikuwa pori la vichaka vilivyofumana, lenye maji machache yasiyotegemewa, na sehemu ya vichaka hivyo ingali imesimama kandokando ya Itigi, ambako wataalamu wa mimea huja kuvitazama kwa kuwa mfano wake ni nadra duniani. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walilivuka mwaka 1857, katika safari iliyowachukua zaidi ya miezi minne kutoka pwani hata Tabora, naye Stanley akafuata mwaka 1871. Lakini kabla yao na baada yao walipita maelfu ya Wanyamwezi na watu wa Mrima, pembe za ndovu mabegani, wakilipa hongo kwa watemi wa Kigogo ili wapewe ruhusa ya kupita na kuteka maji, na hao, ambao majina yao hayakuandikwa kitabuni, ndio walioikanyaga njia hata ikawa njia.

Pembezoni mwa pori hilo ndipo ilipo stesheni ya Manyoni. Wajerumani walianza kutandika reli kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, na kipande cha Manyoni kilitandikwa baina ya miaka hii miwili ya mwisho. Hapa wajenzi hawakutaabishwa na ukame peke yake, bali pia na ukingo wa Bonde la Ufa, kwani reli ikishafika Saranda, chini ya mlima, haina budi kupanda kwa mizunguko mpaka iufikie uwanda wa juu. Juu ya ukingo huo huo ilikuwako Kilimatinde, boma la Wajerumani na makao ya utawala wa sehemu zile, mahali palipokuwa na heshima na soko. Nayo reli ikaipita kando. Haukupita muda mrefu, maduka na afisi zikaufuata moshi wa gari, na Manyoni ikawa mji mkuu wa wilaya. Mimi kila nipitapo Kilimatinde huingiwa na simanzi, maana mji haukutenda kosa lolote isipokuwa kujengwa mahali ambapo wapima njia hawakupataka.

Vita vya 1914 vilifika huku mwezi wa Julai 1916, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali van Deventer yalipoitwaa Dodoma na kisha Kilimatinde, ilhali Wajerumani wakirudi nyuma na kuvunja madaraja. Waingereza wakayatengeneza, na reli ikawa yao.

Amma historia ya tawi la Singida ndiyo inayonigusa zaidi. Mji wa Singida umekaa penye maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai, ambako heroe hushuka kwa makundi, nao ni mji wenye haiba ya pwani ingawa bahari iko mbali nao mno. Katika miaka ya 1930 Waingereza walitandika reli kutoka Manyoni hadi huko, wakaiendeleza mpaka Kinyangiri, ambayo siku hizi imo katika wilaya ya Mkalama, kwa matumaini kwamba nafaka na ng'ombe wa Wanyaturu na Wanyiramba wangeyajaza mabehewa. Mizigo haikutosha kulipa gharama. Na katika miaka ya 1940 vyuma vikang'olewa, vikachukuliwa. Nadhani ni vigumu kwa asiyekaa mahali kama hapo kufahamu maana ya kuletewa reli na kisha kuiona ikiondoka. Ilibidi nchi ipate uhuru na miaka mingi ipite kabla ujenzi haujaanza tena katika miaka ya 1980, kwa masafa ya kilomita 115 hivi, kutoka Manyoni hadi Singida. Kinyangiri haikurudishiwa yake.

Tangu 1948 reli kuu ipitayo Manyoni ilikuwa chini ya shirika moja na zile za Kenya na Uganda, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ikaunda shirika lake. Majina yalibadilika, kazi za stesheni hazikubadilika sana: kukata tiketi za madaraja yote, kupokea vifurushi, kupakia alizeti, vitunguu, asali na mifugo, na kupishanisha magari, kwa kuwa njia ni moja na gari moja halina budi kungoja pembeni mpaka jingine lipite. Na msafiri akitajiwa sehemu hizi, aghalabu hukumbuka kwanza chakula cha Saranda, maana hapo gari likisimama, abiria hushuka kwa haraka na kuwaendea akina mama wenye wali na kuku wa kienyeji, wale ambao sifa yao imeenea hata Dar es Salaam. Pale ambapo wapagazi waliogopa kufa njaa, wajukuu zao hushuka wakala wakashiba.

Sasa inakuja reli nyingine. Treni ya umeme ilianza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma mwezi wa Julai 2024, na ujenzi umekwisha kuingia mkoa huu wa Singida: kipande kinachotoka Morogoro kinaishia Makutupora, wilayani Manyoni, na kinachofuata kinaelekea Tabora. Upana wake ni milimita 1,435, ilhali ile ya Wajerumani ni mita moja, kwa hiyo behewa la moja haliwezi kuingia katika nyingine. Mzigo wa Singida utakaoshuka kwa tawi la zamani na kutaka kuendelea kwa reli mpya, itabidi uteremshwe na kupakiwa upya. Na magunia yake, hapa hapa ukingoni mwa Mgunda Mkali, yatapita tena katika mabega ya wapagazi.