Nywele na umeme katika Lubumbashi: mashine gani ya kukausha inafaa nyumbani?

Kwenye meza moja ya soko ya Kenya, hapa Lubumbashi, mashine mbili za kukausha nywele, zile tunazoita séchoir, zinauzwa pamoja. Ya kwanza imeandikwa wati 2200, ya pili wati 1000. Muuzaji anasifu ile ya kwanza: iko na nguvu, inakausha mbio. Mama mwenye kutaka kununua anahesabu franga zake, anasita. Kabla ya kumjibu, wasomaji na wasikilizaji wetu, inafaa tukumbuke safari ya nywele na safari ya umeme katika Katanga, kwa sababu jibu linatoka pale.

Watu wa inchi hii hawakungojea umeme ili kupamba kichwa. Katika karne ya 19, kati ya Waluba wa Shankadi, nywele zilitengenezwa kwa ngazi-ngazi, zikishuka nyuma ya kichwa kama maji ya maporomoko. Ilikuwa kazi ya saa nyingi, na hakuna aliyetaka iharibike kwa usiku mmoja. Basi mafundi walichonga mito ya mbao yenye kuinua shingo, ili mtu alale bila nywele kuguswa. Mito hiyo, yenye sanamu za watu wenye nywele za ngazi, leo inaonyeshwa katika makumbusho ya Ulaya na Marekani.

Mji wetu ulianzishwa mwaka wa 1910 kwa jina la Élisabethville, kwa ajili ya shaba. Mwanzoni kampuni ya Union Minière ilitafuta zaidi wanaume. Ni mwishoni mwa miaka ya 1920 ndipo ilianza kuwapa nafasi kubwa wanawake na watoto katika kambi za wafanyakazi. Nywele zilibaki kazi ya mikono: kusuka, ao kufunga kwa uzi. Uzi unavuta nywele na kuzinyoosha wakati zinapokauka, bila moto wowote. Kulikuwa pia chanuo la chuma lenye kupashwa moto juu ya mbabula ya makala. Wengi kati yetu wanakumbuka harufu yake, na kidonda kidogo kwenye sikio.

Mashine yenyewe ilizaliwa mbali. Karibu na mwaka wa 1890, Mfaransa Alexandre Godefroy alitengeneza mashine ya kukausha nywele kwa ajili ya saloni. Ilikuwa kubwa, na mtu alikaa chini yake. Zile za kushika mkononi zilienea miaka ya 1920. Zilikuwa nzito, za chuma, na nguvu yake ilikuwa wati 100 hivi. Baadaye nguvu ikapanda, mpaka kupita wati 2000. Lakini ilipanda katika inchi ambamo kila nyumba ina waya nene na umeme wa kutosha.

Kwetu, umeme ulikuja kwa njia ingine. Mwaka wa 1930 kituo cha Mwadingusha, kwenye mto Lufira, kilianza kutoa nguvu, na kilijengwa kwa ajili ya migodi na viwanda. Kisha zikafuata Koni, Nzilo na Nseke, kwa sababu ileile. SNEL iliundwa mwaka wa 1970. Mwaka wa 1982 laini kubwa ya Inga–Shaba ilimalizika: kilometa 1700 hivi, kutoka Inga mpaka Kolwezi. Umeme wake ni wa aina ambayo haiwezi kuchotwa njiani bila mitambo mikubwa na ya bei kali. Kwa hiyo laini ilipita juu ya vijiji vingi, navyo vikabaki gizani. Shaba ilihudumiwa kwanza, nyumba baadaye. Mji uliendelea kukua, lakini waya za mitaa hazikukua pamoja nao. Ndiyo maana tunajua delestaji, na ndiyo maana jioni taa zinakuwa nyekundu wakati jirani wote wanapika.

Sasa turudi kwenye meza ya soko. Mashine ya wati 2200, kwenye umeme wa volti 220, inavuta ampea 10. Ile ya wati 1000 haifikishi ampea 5. Katika parsele ambamo familia ine ao tano zinagawana waya moja nyembamba, tofauti hiyo ndiyo inaamua kama waya itabaki baridi ao itaanza kuyeyuka. Groupe ndogo ya petroli haiwezi kubeba wati 2200. Betri ya jua ya volti 12 ingepaswa kutoa ampea zaidi ya 180, jambo ambalo haliwezekani nyumbani.

Kwa hiyo nguvu nyingi si alama ya mashine nzuri kwetu. Chagua ya wati 1000 ao 1200, yenye moto wa ngazi mbili na hewa ya baridi. Angalia kama imeandikwa volti 220–240. Ile ndugu anayotuma kutoka Marekani inaweza kuwa ya volti 110, na hapa itaungua mara moja. Angalia kama waya yake ni nene, na kama kichujio cha nyuma kinafunguka ili utoe nywele na vumbi. Kikizibwa, hewa inakosa njia na mashine inajichoma. Omba muuzaji aiwashe dakika kadhaa mbele yako. Ikinuka plastiki, iache.

Nyumbani, kausha kwanza kwa taulo. Shika mashine mbali na kichwa, sentimita 15 hivi, na uisogeze-sogeze. Nywele zenye maji zinavutika na kukatika haraka, na moto mkali unazipasua. Usiitumie karibu na beseni la maji. Na hili tunalirudilia: SNEL ikikata katikati ya kazi, chomoa mashine palepale. Umeme unaweza kurudi saa saba ya usiku, mashine iko juu ya kitanda, na watoto wamelala. Mbele ya hatari hiyo, bei ya mashine ni kitu kidogo.

Kwa familia zilizokimbia kutoka Mitwaba, Pweto, ao vita vya mashariki, na ambazo leo zinaishi katika chumba cha kupanga chenye taa moja: msione haya kwa kukosa mashine. Uzi bado unanyoosha nywele, haudai umeme, na mama ao yaya mwenye kujua kazi hiyo anaweza kuifanyia majirani na kupata franga za chakula. Kama mashine itanunuliwa, inunuliwe ile ambayo waya ya nyumba inaweza kubeba.

Yule mama wa soko ya Kenya achukue basi ile ya wati 1000. Itamuomba dakika chache zaidi kila asubuhi, na majirani zake watabaki na taa.