Orvieto, mji wa mwambani ilikotoka Sikukuu ya Ekaristi

Nilikuwa bado shule ya msingi nilipopewa kikapu cha maua kwa mara ya kwanza, nitembee mbele ya Ekaristi Takatifu. Kina mama walikuwa wametandika khanga na vitenge njiani tangu alfajiri. Nyuma yetu padre alibeba monstransi, mikono yake imefunikwa kwa kitambaa cheupe cha mabegani, na katekista akatuonya tusimalize maua yote kabla ya kona ya kwanza. Nilimaliza. Sehemu iliyobaki nilitembea na kikapu kitupu, nikiokota petali zilizoangushwa na wenzangu.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba barua iliyoliamuru Kanisa zima kuadhimisha sikukuu ile ya Ekaristi ilitoka Orvieto, mji mdogo wa Umbria, katikati ya Italia, tarehe 11 Agosti 1264.

Mji wenyewe hauhitaji kutafutwa. Anayepanda treni kutoka Roma kwenda Florence huuona kwa mbali, umekaa juu ya jabali lililokatika wima pande zote na kuwa bapa kileleni kama meza. Jabali hilo ni tufo, majivu ya volkano yaliyogandamana yakawa jiwe. Ni jiwe laini, mtu mwenye sururu na subira anaweza kulichimba. Na watu wa Orvieto wamelichimba kwelikweli: chini ya nyumba na barabara kuna mapango zaidi ya 1,200 yaliyochongwa kwa mikono katika muda wa miaka zaidi ya 2,500. Kuna visima, maghala ya divai, mashine za kukamulia zeituni, na vyumba ambavyo kuta zake zimejaa vishimo vya mraba, safu juu ya safu. Humo walifugwa njiwa wa kitoweo.

Wa kwanza kuchimba walikuwa Waetruski, waliouita mji wao Velzna. Chini ya jabali makaburi yao bado yamepangwa kama nyumba za mtaani, na juu ya mlango wa kila kaburi limechongwa jina la mwenyewe. Mwaka 264 kabla ya Kristo Warumi waliuteka mji huo, wakaubomoa, na kuwahamishia wakazi wake kando ya ziwa Bolsena. Mwandishi Plinio anasimulia kwamba zilichukuliwa sanamu 2,000 za shaba. Mwamba ulikuja kujaa watu tena baadaye, na jina walilouita kwa Kilatini, Urbs Vetus, yaani mji wa kale, ndilo lililolainika likawa Orvieto.

Mwamba wa namna hiyo ni ngome ya bure, na Mapapa wa karne ya 13 walihitaji ngome. Roma ilikuwa na vurugu kiasi kwamba Papa Urbano IV, aliyechaguliwa mwaka 1261, alitawala Kanisa hadi kufa bila kukanyaga Roma kama Papa. Mwaka 1262 alihamia Orvieto pamoja na makardinali wake. Katika konventi ya Wadominiko mjini humo alikuwamo pia mwalimu mmoja mnene, mpole, mwenye kalamu isiyochoka: Thomas wa Aquino.

Mapokeo yanasimulia kwamba mwaka 1263 padre mmoja kutoka Boemia, Petro wa Praha, alikuwa safarini kwenda Roma kuhiji. Moyoni alikuwa na shaka: je, kweli mkate huu hugeuka kuwa Mwili wa Kristo? Alipofika Bolsena, mwendo wa kama kilomita 20 kutoka Orvieto, aliadhimisha misa kwenye altare ya Mtakatifu Kristina. Alipoinua hostia, ikatoka damu na kudondoka juu ya korporale, kile kitambaa cha kitani kinachotandikwa chini ya kalisi. Padre akakimbilia Orvieto kwa Papa. Korporale ikaletwa mjini, na humo ipo hadi leo.

Hivyo ndivyo habari inavyosimuliwa, na hivyo ndivyo Raffaello alivyoichora ukutani Vatikano mwaka 1512. Lakini barua ile ya mwaka 1264, aliyoiandika Urbano, haiutaji muujiza wa Bolsena hata kwa neno moja. Mimi ninaamini anayestahili kutajwa kwanza ni mwanamke ambaye hakuwahi kuiona Orvieto.

Juliana alizaliwa karibu na Liège, katika nchi tunayoiita leo Ubelgiji, mnamo mwaka 1192. Akawa yatima akiwa na miaka mitano, akalelewa na watawa wa Mont-Cornillon. Katika sala aliona mara kwa mara mwezi mpevu wenye doa jeusi, na hatimaye akaelewa kwamba mwezi ni Kanisa, na doa ni sikukuu inayokosekana, sikukuu ya Ekaristi yenyewe. Alikaa na siri hiyo kwa miaka mingi. Alipoitoa, askofu wa Liège aliiweka sikukuu katika jimbo lake mwaka 1246, lakini maadui walimfukuza Juliana kutoka katika monasteri yake, akatangatanga, akafariki ugenini mwaka 1258. Shemasi mkuu wa Liège aliyekuwa miongoni mwa walioombwa ushauri juu ya jambo lake aliitwa Jacques Pantaléon. Huyo ndiye aliyekuja kuwa Papa Urbano IV.

Kuna barua ya pili ambayo hainitoki akilini. Mnamo Septemba 1264 Urbano alimwandikia Eva, rafiki wa Juliana, mwanamke aliyekuwa akiishi amejifungia chumbani kando ya kanisa moja la Liège, kumjulisha kwamba jambo walilolililia limetimia. Papa, katikati ya vita na siasa za Italia, alimkumbuka mwanamke wa chumba kimoja.

Kwa sala na tenzi za sikukuu mpya, mapokeo yanamtaja Thomas wa Aquino. Wakatoliki wa kwetu wanaoimba Tantum ergo kabla ya baraka ya Sakramenti Kuu wanaimba beti mbili za mwisho za utenzi wake. Urbano mwenyewe alifariki Oktoba 2 mwaka uleule, na sikukuu ikadorora. Ilibidi Klementi V aithibitishe kwenye Mtaguso wa Vienne, na Yohane XXII aieneze mwaka 1317, ndipo ikashika kweli.

Orvieto nayo ilikuwa ikijenga. Tarehe 13 Novemba 1290 Papa Nikolao IV aliweka jiwe la msingi la kanisa kuu, la mistari ya mawe meupe na meusi. Miaka 20 baadaye kuta zilitia wasiwasi, akaitwa fundi kutoka Siena, Lorenzo Maitani. Aliziimarisha, kisha akageukia uso wa kanisa na kuufanya kitabu cha mawe. Kwenye nguzo ya kushoto kabisa, kwa urefu ambao macho ya mtu yanafika, Adamu amelala, na Mungu ameinama juu yake, mkono ubavuni pa Adamu. Kwenye nguzo ya kulia kabisa waliolaaniwa wanang'atwa na mashetani, vinywa wazi. Maitani alikufa mwaka 1330, na kazi ya uso ule iliendelea hadi karne ya 16. Milango ya shaba iliyopo sasa iliwekwa mwaka 1970.

Ndani, Luca Signorelli alichora ufufuko wa wafu kati ya mwaka 1499 na 1504: watu wanajisukuma kutoka ardhini kwa viganja, wengine bado mifupa, wengine tayari wana nyama.

Mwaka 1527 askari wa Kaizari Karoli V waliiteka na kuipora Roma. Desemba ile Papa Klementi VII alitoroka usiku, amejibadilisha mavazi, akakimbilia Orvieto. Huko ndiko wajumbe wa mfalme Henry VIII wa Uingereza, Stephen Gardiner na Edward Foxe, walikomfuata mwaka 1528, wakidai ndoa ya mfalme na Katarina wa Aragon itangazwe batili. Waliandika nyumbani kwamba Papa anaishi katika vyumba vitupu visivyo na mapazia, dari zimeanguka. Na Katarina alikuwa mama mdogo wa Karoli. Henry hakupata alichotaka, na mwaka 1534 Kanisa la Uingereza lilikuwa limejitenga. Muanglikana wa Mombasa au Zanzibar ana sababu ya kuvikumbuka vyumba vile.

Akiogopa mji kuzingirwa bila maji, Klementi alimwagiza Antonio da Sangallo achimbe kisima. Kina chake ni mita 53, upana 13. Ndani kuna ngazi mbili zinazozunguka, moja juu ya nyingine, zisizokutana, kila moja na vipandio 248. Punda alishuka kwa moja, akavuka kidaraja juu ya maji, akapanda na mapipa yake kwa nyingine, asipishane hata mara moja na anayeteremka. Mwanga huingia kwa madirisha yapatayo 70 yanayotazama tundu la katikati, na kadiri unavyoshuka ndivyo ubaridi unavyozidi na anga inavyobaki duara dogo kichwani. Kazi ilikamilika mwaka 1537. Klementi alikuwa amefariki miaka mitatu kabla.

Kila mwaka, sikukuu inapofika, korporale hutolewa kanisani na kupitishwa katika vichochoro vya mji, mbele yake mamia ya watu wa Orvieto katika mavazi ya zama za kati, na ngoma na bendera. Madoa ya damu yamefifia yakawa ya kahawia. Wazee husimama milangoni, na kitambaa kinapopita hupiga ishara ya msalaba na kunyamaza.