Kumsusia aliyeacha kanisa: Maandiko yasemaje?

Mama anapompita mwanawe sokoni bila kumjulia hali, kwa kuwa tu kijana huyo aliacha kanisa, pana haja ya kuuliza amri hiyo ilitoka wapi. Wanaoitekeleza husema imo katika Agano Jipya.

Nguzo ya hoja yao ni sura ya tano ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho. Mtu mmoja alikuwa akiishi na mke wa babake, na kusanyiko likajivuna badala ya kusikitika. Paulo akaagiza aondolewe, na watu wa namna hiyo wasichangamane nao, hata mezani. Fungu hilo ndilo tegemeo la Mashahidi wa Yehova. Waamish nao hulitumia. Walitengana na Wamenno wenzao mwaka wa 1693 chini ya Jakob Ammann, na mojawapo ya mambo yaliyowagawanya ni iwapo aliyefukuzwa aweza kuketi nao kwa chakula.

Anayedai kwamba Maandiko hayana adhabu ya kutengwa hakuyasoma. Hata hivyo, kitenzi cha Kigiriki alichotumia Paulo hapo, chenye maana ya kuchangamana, amekirudia katika 2 Wathesalonike 3:14 kuhusu mtu asiyetii waraka wake. Papo hapo anaongeza kuwa mtu huyo asihesabiwe adui bali aonywe kama ndugu. Utamwonyaje mtu usiyesema naye? Mashahidi hujibu kwamba Wathesalonike wanaelekezwa kuhusu kosa dogo, lisilofikia kufukuzwa. Jibu hilo lina uzito wake, ila kitenzi ni kilekile.

Katika Mathayo 18, asiyelisikiliza kanisa awe kama mtu wa mataifa na mtoza ushuru. Wayahudi wengi wa zama hizo waliwaepuka watu hao. Yesu mwenyewe alikula nao.

Fungu kali kuliko yote ni 2 Yohana 10, linalokataza hata salamu. Lakini ikumbukwe kwamba anayezungumziwa ni mwalimu anayewajia na mafundisho yanayokana kuwa Kristo alikuja katika mwili. Walimu wa siku hizo walisafiri wakitegemea ukarimu wa waumini, na nyumba hiyohiyo ndiyo iliyokuwa mahali pa ibada. Kumkaribisha kulikuwa kumpa mimbari. Kijana aliyechoka na ibada akanyamaza kimya hafanani na mhubiri huyo. Hata 1 Yohana 2:19, panapotajwa waliotoka, pamesema tu kwamba walitoka. Hapana agizo la kuwanyima salamu.

Kuhusu jamaa, Paulo hakutaja mzazi wala mtoto katika sura ile ya Wakorintho, na 1 Timotheo 5:8 inamlaumu vikali asiyewatunza walio wake. Hata Ungamo la Dordrecht la mwaka wa 1632, ambalo Waamish hulishika, linaamuru aliyetengwa asaidiwe akiwa na njaa, kiu au ugonjwa. Isitoshe, katika 2 Wakorintho 2 Paulo anasihi mtu aliyeadhibiwa na wengi asamehewe, asije akamezwa na huzuni. Wafasiri wengi wa kale walimwona kuwa ndiye yule wa waraka wa kwanza. Wa leo wengi wana shaka.

Suala hili limefika mahakamani. Norway iliwanyima Mashahidi ruzuku na usajili kwa sababu ya desturi hii. Mahakama ya Oslo iliunga mkono serikali mwaka wa 2024, lakini mahakama ya rufaa ikatengua uamuzi huo Machi 2025. Nchini Kanada, Mahakama ya Juu ilisema mwaka wa 2018 kwamba majaji hawana mamlaka ya kuingilia kufukuzwa kwa muumini.

Mashahidi wenyewe walilegeza kidogo mwaka wa 2024: aliyeondolewa aweza kualikwa mkutanoni na kusalimiwa kwa ufupi akifika. Walio waasi wa imani hawamo katika ruhusa hiyo.