Tarehe ya Tiba ya Kifafa, na Masafa Yake hadi Nunguni

Mgeni afikaye Nunguni kwa mara ya kwanza, akaviona vilima vya Kilungu vilivyokatwa matuta ngazi kwa ngazi, husifu bidii ya wenyeji ya kuuzuia udongo usichukuliwe na mvua; walakini mzazi wa mtoto mwenye kifafa huyatazama matuta yale yale kwa jicho jingine, kwa kuwa ajua ya kwamba kila ukingo ni mahali pa kuanguka. Na ndani ya nyumba ni vivyo hivyo: mafiga matatu yakaayo chini sakafuni, ambayo kwa wengine ni kitovu cha aila na maongezi ya usiku, kwake ni adui, maana ashikwaye na maradhi haya ilhali anachochea moto aghalabu huzinduka akiwa na kovu la kudumu. Basi mtoto hukatazwa kupika, akakatazwa kuchota maji peke yake, akakatazwa kuupanda mparachichi, kisha shule nayo ikamtoka. Na hadhari iliyoanza kwa huruma ikaishia kuwa kifungo.

Maradhi haya ni ya tangu na tangu, na kila umma umeyatafutia sababu. Watu wa pwani, walipomwona mtoto mchanga akitetemeka kwa homa, walisema amepatwa na degedege, wakamtafuta mwalimu aandike aya kwa zafarani juu ya sahani, zioshwe kwa maji, mgonjwa anyweshwe kombe. Wakamba nao walikwenda kwa mundu mue awaulizie aimu, yaani mizimu ya wahenga, wamekasirishwa na nini. Si kwamba ilimu ya kweli haikuwako duniani. Yapata miaka 400 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, wanafunzi wa Hippocrates huko Uyunani walikwisha kuandika ya kwamba ugonjwa huu, uliodhaniwa kuwa ni wa miungu, una makao yake katika ubongo. Na Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliuhesabu miongoni mwa maradhi ya kichwa. Lakini kuyajua makao ya ugonjwa ni jambo moja, na kuipata dawa yake ni jambo la pili.

Dawa ya kwanza yenye nguvu ilitajwa mjini London mwaka 1857, pale tabibu Charles Locock aliposema kwamba chumvi ya bromaidi yapunguza kuanguka. Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission walipofungua kituo chao cha kwanza huko Nzaui, katika Ukambani hii hii, mwaka 1895, hata matajiri wa Ulaya hawakuwa na dawa nyingine ya maana ipitayo hiyo, nayo iliwapumbaza wengi walioitumia. Mwaka 1912 ndipo Alfred Hauptmann, tabibu kijana wa Ujerumani, alipotangaza manufaa ya fenobabitoni. Yasimuliwa kwamba alikuwa akilala juu ya wodi ya wagonjwa, akawapa dawa hiyo ya usingizi ili naye apate kulala, akastaajabu kuona kwamba walioanguka kila usiku sasa hawaanguki.

Kidonge hicho kiliposafiri kuja kwetu hakikufanya haraka. Mwaka 1959 daktari wa Kinorwe, Louise Aall, aliyejulikana baadaye kwa jina la Jilek-Aall, alifika Mahenge katika Tanganyika, akawakuta miongoni mwa Wapogoro watu wengi wenye kifafa, waliotengewa vyombo vyao na malazi yao kwa kuwa mate yao yalidhaniwa kuambukiza, na wengi wao wakiwa na makovu ya moto. Mwaka uliofuata akaanzisha kliniki, akawapa fenobabitoni, na watu waliokuwa wamekwisha kukatiwa tamaa wakarudi mashambani. Aliona pia watoto waliokuwa wakiangusha kichwa kama wasinziao, jambo ambalo wataalamu wa ulimwengu walilitilia maanani miongo mingi baadaye, lilipoonekana Sudan Kusini na kaskazini ya Uganda.

Kwetu Kenya, chama cha kuwatunza wenye kifafa, KAWE, kiliundwa mwaka 1982. Na mwaka 1991 jarida la Lancet likachapisha habari ya wagonjwa 302 wa upande wa Nakuru, waliotibiwa karibu na makwao na wahudumu wa afya ya msingi, wala si mabingwa wa mji mkuu. Katika miezi sita ya mwisho ya mwaka wa tiba, zaidi ya nusu ya waliodumu nayo hawakuanguka hata mara moja. Hapo hoja ya kwamba mtu wa shamba hawezi kutibiwa kifafa ilikwisha.

Wapo, hata hivyo, wasiosaidiwa na kidonge chochote, nao ni kama watatu katika kila kumi. Na kwa ajili ya hawa ilimu ilishika njia nyingine. Tangu miaka ya 1880 James Leonard Corning wa New York alijaribu kuubana mshipa wa damu wa shingoni na kupitisha umeme hapo ili kukizuia kifafa, lakini jambo lake likasahauliwa. Karne moja baadaye Jacob Zabara, mwanachuoni wa Philadelphia, alionyesha kwa mbwa ya kwamba neva ya vegasi, ambayo jina lake kwa Kilatini lina maana ya mzururaji kwa vile yatoka kichwani ikapita shingoni hata tumboni, ikiguswa kwa umeme huweza kuituliza dhoruba ya ubongo. Mwaka 1988, katika jimbo la North Carolina, mtu wa kwanza alitiwa chombo mwilini.

Chombo chenyewe ni kidogo kama saa ya mkononi, hukaa chini ya ngozi ya kifua upande wa kushoto, na waya wake hupanda hadi shingoni ukaizunguka neva. Aghalabu hutoa umeme kwa nusu dakika, kikapumzika dakika tano, usiku na mchana, na daktari hukiongezea nguvu kidogo kidogo kwa kifaa akiwekacho juu ya kifua. Aliyetiwa chombo hiki haachi vidonge vyake, wala haambiwi kuwa amepona: yapata nusu ya watu hupungukiwa na kuanguka kwa nusu au zaidi, na manufaa huja polepole, kwa miezi hata miaka. Kila umeme upitapo sauti hukwaruza, na mwimbaji wa kwaya hulazimika kuishika sumaku juu ya kifua chake hata wimbo uishe, kwa kuwa sumaku ikitulia pale chombo hunyamaza. Sumaku hiyo hiyo ikipitishwa upesi, huamsha umeme wa ziada. Hivyo mke, ndugu au mwalimu hufundishwa kuipitisha mara aonapo dalili. Na betri ikichoka baada ya miaka, sharti kisu kirudi.

Serikali ya Marekani ilikiidhinisha chombo hicho mwaka 1997, na mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani na vyama vya kifafa vya kimataifa wakaanzisha kampeni ya kuutoa ugonjwa huu gizani. Mkutano wa mambo haya mawili wastahili kutafakariwa: huku umeme ndani ya kifua kwa maelfu ya dola, kule kilio cha kwamba robo tatu ya wagonjwa wa nchi maskini hawapati tiba, ilhali kidonge cha Hauptmann hakifikii dola 5 kwa mwaka mzima.

Mtu wa Nunguni atakaye chombo hicho atashuka hadi barabara kuu ya Mombasa, apande gari la Nairobi, na atairudia safari hiyo kila kitakapohitaji kurekebishwa. Hilo si la kubezwa, maana kwa yule wa watatu katika kumi masafa hayo ni rehema. Bali kwa wale saba, njia ni fupi kuliko hiyo. Tangu mwaka 2013 hospitali za wilayani ziko mikononi mwa serikali za kaunti, na mwaka 2016 Makueni ilianzisha mpango wa nyumba nzima kutibiwa kwa shilingi 500 kwa mwaka. Basi atakaye kujua tarehe hii imefika wapi, asianzie chumba cha upasuaji. Naende hospitali ya Kilungu au zahanati iliyo karibu, siku ya kliniki, aulize kama kidonge cha mwaka 1912 kimo kabatini, na kama kitakuwamo mwezi ujao.