Kazi ya Mchana na Picha za Usiku

Msomaji wangu kijana, vitabu vya historia hupenda mambo ya mchana. Humo utakuta vita, mikataba, magavana, bei za mazao na urefu wa reli. Lakini ni nadra kukuta habari za saa mbili ya usiku, mfanyakazi alipokwisha kunawa miguu na kula, akatafuta kitu cha kumfurahisha kabla ya kulala. Wala si ajabu. Gavana alikuwa na makarani wa kuandika matendo yake, na furaha ya mchuma chai haikuwa na karani. Walakini mtu asiyejua watu walichekea nini hawezi kusema amewajua sawasawa. Kwa hiyo nataka kukutembeza katika nchi ya chai, tangu Kabianga hadi Kapkatet, nikuonyeshe upande huo uliosahauliwa: sinema, santuri, na kazi iliyovizunguka vyote viwili.

Nianzie mbali kidogo. Tarehe 28 Desemba 1895, mjini Paris, ndugu wawili wa Kifaransa, Auguste na Louis Lumière, waliwatoza watu kiingilio wakawaonyesha picha zinazokwenda. Ya kwanza katika picha za siku ile haikuwa ya mfalme wala ya jeshi. Ilikuwa ya wafanyakazi wa kiwanda cha ndugu hao huko Lyon, wanawake kwa wanaume, wakitoka langoni. Haikuchukua hata dakika moja. Basi ulimwengu mzima ulipofunguliwa macho kwa sanaa hii mpya, kitu cha kwanza ulichoona ni watu waliokuwa wakiiacha kazi nyuma yao. Nasema hivi ili usije ukadhani kwamba sinema na jasho ni mambo mawili yasiyojuana. Yalizaliwa mlango mmoja.

Sasa tuje Kericho. Unajua kwamba milima hii haikuwa na chai tangu kale. Ilikuwa malisho na mashamba ya Wakipsigis, na sehemu kubwa ya ardhi ilichukuliwa na serikali ya kikoloni ikagawiwa wageni. Baada ya Vita vya Kwanza, mwaka 1919, eka 25,000 zilitengwa kwa ajili ya maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani, nao wakajaribu kulima kitani. Bei ya kitani ilipoanguka, mpango wao ulianguka pamoja nayo. Katikati ya miaka ya 1920 zikaingia kampuni za Brooke Bond na James Finlay zikapanda chai, na chai ikakubali. Mwaka 1934 serikali ilipitisha sheria ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, viongozi wa mambo ya kiroho wa Wakipsigis, ikawapeleka Gwassi karibu na Ziwa Victoria, waishi mbali na watu wao. Hayo utayasoma kwa urefu mahali pengine, na yafaa uyasome. Hapa nayataja upesi kwa sababu moja: ujue kwamba uwanja ambao watu walikuja kuketi usiku kutazama picha, ulikuwa uwanja wa mabishano kabla nguo nyeupe haijatundikwa juu yake.

Kazi yenyewe waijua, maana labda mama yako au babu yako ameifanya. Alfajiri watu huitwa majina. Mnyapara husimama na daftari. Kila mtu huchukua kikapu chake mgongoni, akaingia katika mistari ya michai iliyokatwa sawasawa kama meza. Hutakiwa majani mawili na chipukizi lake, si zaidi. Baada ya siku 7 hadi 14 mchai uleule huchumwa tena, hivyo kazi haina mwisho wa kusema sasa tumevuna, tupumzike. Mchana mvua hunyesha, na mara nyingine mvua ya mawe, ambayo Kericho yajulikana nayo sana. Majani hayangoji; lazima yafike kiwandani siku ileile, yanyaushwe, yasagwe, yageuke rangi, yakaushwe. Kilo 4 au 5 za majani mabichi hutoa kilo moja tu ya chai kavu. Zamani za ukoloni mtu alipewa kadi ya siku 30 za kazi, na siku asiyofika haikuhesabiwa; kadi haikutimia mpaka siku hizo zitimie. Watu walikuja kutoka Nyanza, Kisii na nchi ya Waluhya, wakakaa pamoja na Wakipsigis katika nyumba za laini, wakila posho moja na kusemezana kwa Kiswahili, kila mmoja kwa lafudhi ya kwao.

Basi fikiri, msomaji: watu hao wote, wengi wao vijana wasio na wake zao wala wazee wao karibu, jioni wafanye nini?

Swali hilo lilimkera mtu mmoja kabla yako. Jina lake ni Meja L. A. Notcutt, aliyekuwa msimamizi wa mashamba ya mkonge hapa Afrika Mashariki. Yapata mwaka 1926 aliwaza kwamba sinema katika shamba ingewafanya vibarua waridhike, wasiondoke. Nakuomba usilipite wazo hili haraka. Hakusema kwamba mishahara iongezwe, wala kwamba nyumba zipanuliwe wake na watoto wapate kukaa. Alisema picha. Sisemi kwamba alikuwa mtu mbaya; wenye mashamba wengine hawakuwaza lolote. Lakini lazima tuone kwamba tangu mwanzo wake katika mashamba yetu, starehe ya usiku ilihesabiwa pamoja na majembe na mbolea: kitu cha kufanya kazi ya kesho iende.

Wazo la Notcutt lilikua. Kati ya mwaka 1935 na 1937, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani, yeye na G. C. Latham waliendesha jaribio la sinema ya elimu, makao yao yakiwa Vugiri katika milima ya Usambara. Walitengeneza filamu 35. Waigizaji walikuwa Waafrika, na sauti ziliwekwa katika santuri zilizochezwa pamoja na picha, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine kadhaa, ili lori moja lipite Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za kusini, likisema na kila watu kwa maneno yao. Habari zake zilikuwa kodi, safura, mmomonyoko wa udongo, na akiba. Katika filamu ya akiba, vibarua wawili wanalipwa mshahara wao. Mmoja anauzika fedha zake chini ya nyumba, mwivi anazichukua. Mwenzake anaziweka posta, zinasalimika. Mafunzo hayo hayakuwa ya uongo. Lakini hebu jiweke mahali pa mtazamaji aliyeketi majanini miguu ikimwuma: mchana kutwa ameamrishwa, na usiku picha nayo yamwamrisha.

Wakati wa Vita vya Pili, mwaka 1939, serikali ya Uingereza iliunda idara yake ya filamu kwa makoloni, ikadumu hadi 1955. Mkuu wake, William Sellers, alishika nadharia kwamba Mwafrika apaswa kuonyeshwa picha za polepole, zisizo na ujanja wa kuruka toka jambo hadi jambo, kwa kuwa akili yake haikuzoea. Wafuasi wa nadharia hiyo walipenda kusimulia kisa kimoja. Wanakijiji walionyeshwa filamu ya usafi, na walipoulizwa wameona nini, walijibu: kuku. Wenye filamu walishangaa, kwa maana hawakujua kama mlikuwa na kuku. Walipoirudia polepole wakamkuta kweli, amepita pembeni kwa nukta moja. Kisa hicho kimeandikwa mara nyingi kuwa ushahidi wa ujinga. Mimi nakisoma kinyume. Watu wale walimwona kuku ambaye waliotengeneza filamu hawakumwona! Kuku ni mali. Kuku ni mgeni kukirimiwa. Kuku ana mwenyewe. Kama macho yao yalimfuata yeye wakaacha mahubiri, kosa li kwa nani?

Tena palikuwa na mtu mwingine katika maonyesho hayo ambaye serikali ilimhitaji lakini haikuweza kumdhibiti sana, naye ni msemaji. Gari la sinema lilipofika, mtu alisimama kando ya nguo nyeupe na kipaza sauti, akaeleza picha kwa lugha ya mahali. Yule Mwingereza aliyeandika maelezo Nairobi au London hakujua kila neno lililosemwa, wala kwa nini watu waliangua kicheko mahali pa huzuni. Kazi hiyo haikufa. Kama umewahi kuketi katika chumba cha video sokoni ukamsikia DJ Afro akiyasimulia mapigano ya Kichina kwa Kiswahili chake, akiwapa majina mapya watu ambao hawajui hata Kenya iko wapi, umewasikia wajukuu wa wasemaji wale.

Usidhani pia kwamba Waafrika walibaki watazamaji tu. Mwaka 1952 huko Tanganyika ilipigwa filamu ya Kiswahili iitwayo Muhogo Mchungu, habari za mshamba aliyefika mjini akakutana na ulimwengu. Mwigizaji wake mkuu alikuwa kijana aliyeitwa Rashidi Kawawa. Miaka 10 baadaye, mwaka 1962, kijana huyo alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Sina hakika kama mabwana waliompa nafasi ya kuchekesha watu walitazamia hayo.

Lakini ushahidi ninaoupenda kuliko wote hautoki Tanganyika. Unatoka hapa, mwendo mfupi kutoka Kabianga, na kwa hakika si sinema bali ni ndugu yake, santuri. Palikuwa na Mmarekani aitwaye Jimmie Rodgers. Alifanya kazi katika reli huko Mississippi, akaugua kifua kikuu, akaiacha reli akaimba. Aliimba kwa sauti ya kuvunjika-vunjika, toka kooni hadi juu, kama wachungaji wa milima ya Ulaya. Mwaka 1929 alitokea hata katika filamu fupi, amevaa nguo za kazi ya reli. Alikufa mwaka 1933, naye hakuwahi kukanyaga Afrika. Santuri zake zilikuja badala yake. Zilipigwa kwenye gramafoni katika nchi ya Wakipsigis, na watu waliposikia sauti hiyo isiyo ya mtu wa kawaida, walilichukua jina lake wakalitia katika kinywa chao likawa Chemirocha.

Mwaka 1950 alifika Kapkatet, penye njia ya kutoka Kericho kwenda Sotik, Mwingereza mmoja aitwaye Hugh Tracey, mwenye mashine ya kunasa sauti. Huyu naye alikuwa ameanza kupenda nyimbo za Waafrika alipokuwa kijana katika shamba la tumbaku huko Rhodesia ya Kusini, akizisikia kwa watu waliofanya kazi naye. Hapo Kapkatet wasichana wa Kikipsigis, wakiongozwa na Chemutoi Ketienya, wakamwimbia wimbo wa Chemirocha, kinanda cha nyuzi kikilia chini yao taratibu. Katika wimbo huo Chemirocha si mfanyakazi wa reli tena. Ni kiumbe, nusu mtu na nusu swala, na wasichana wanamwita aje kucheza ngoma nao, acheze kwa nguvu mpaka nguo zimdondoke.

Wako waliocheka kwamba wasichana hao hawakufahamu walichosikia. Nakuuliza wewe: ni nani aliyefahamu zaidi? Sauti ilikuja bila mwili. Walitazama kisanduku, hawakuona mtu. Wakafanya lile ambalo watu wa Kipsigis, na watu wote wenye hadithi, wamelifanya siku zote kwa sauti itokayo gizani: wakaipa mwili, miguu ya mnyama arukaye, na aibu kidogo ya kuchekesha. Hakuna msimamizi wa shamba aliyewaagiza. Hakuna filamu ya posta iliyowafunza. Bidhaa iliyoletwa kuuzwa waliipokea, wakaifungua, wakatoa ndani yake kitu chao wenyewe, na jambo hili lilitendeka katika nchi ileile ambayo ardhi ilikuwa imepimwa na watu kuhesabiwa kwa kadi.

Mambo mengi yamebadilika tangu hapo. Mwaka 1964 iliundwa mamlaka ya chai ya wakulima wadogo, na vilima vingi unavyoviona leo vina chai ya mwenyeji. Kabianga ina chuo kikuu chake tangu mwaka 2013. Mashine za kuchuma zimeingia katika mashamba makubwa, moja ikifanya kazi ya mikono mingi, na mwaka 2023 watu wenye hasira walizichoma moto baadhi yake. Gari la sinema halihitajiki tena, maana kila kijana ana nguo nyeupe yake ndogo mfukoni.

Mwaka 2015 watunzaji wa hazina ya Tracey kutoka Afrika Kusini walizirudisha sauti zile Kapkatet, miaka 65 baada ya kunaswa. Waliwakusanya wenyeji, wakawasha mashine, na wasichana wa mwaka 1950 wakaimba tena, wakimwita Chemirocha aje kucheza.