Hoteli Iliungua, Kahawa Ikapandwa

Kila tukiandamana, kuna mzee hakosi kusema: "Nyinyi vijana mnafukuza wawekezaji." Tuliisikia sana Juni 2024, wakati wa Mswada wa Fedha. Mimi ni mtoto wa Nyeri, na historia ya huku kwetu inaonyesha pesa haikimbii yote. Nyingine inabadilisha tu mlango.

Tarehe 20 Oktoba 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari. Utalii uliumia. Treetops, ile hoteli ya juu ya mti alikolala Elizabeth usiku babake alipofariki, Februari 1952, ilichomwa na Mau Mau 1954. Ilijengwa upya 1957. Mgeni haji kutazama ndovu mahali risasi zinalia.

Biashara ndogo nayo ilibanwa. Kuanzia 1954 watu walisukumwa kwa nguvu kwenye vijiji vilivyozungushiwa mitaro na seng'enge. Sasa utauzia nani viazi kama kuna kafyu na huwezi kutembea bila pasi?

Lakini cheki kilimo. Mwaka huo huo wa 1954, vita vikiwa moto, ukaja mpango wa Roger Swynnerton, na Uingereza ikatoa pauni milioni 5. Vipande vya mashamba viliunganishwa, watu wakapewa hati za ardhi, na Waafrika waliokuwa wamezuiliwa kulima kahawa wakaruhusiwa kuipanda kwa wingi. Chai ikafuata, na 1957 kiwanda cha Ragati kikafunguliwa huko Mathira.

Mbona wamwage pesa katikati ya vita? Kwa sababu walihesabu kwamba mtu mwenye hati na miche ya kahawa hatarudi msituni. Ule uwekezaji ulikuwa silaha pia.

Na hapa ndipo kuna uchungu. Mashamba yalipokuwa yakipimwa, wanaume wengi walikuwa kizuizini Manyani na kambi nyingine, au msituni. Waliobaki kuketi kwenye kamati mara nyingi walikuwa homugadi na marafiki wa machifu. Kuna waliorudi wakakuta shamba limepungua, na hati tayari ina jina la mwingine.

Kwa hivyo ukiambiwa wawekezaji watatoroka, uliza pia: wakirudi, nani atakuwa mezani, na sisi tutakuwa wapi? Na ukienda ushago, keti na shosho. Muulize nani alishika kamba siku shamba lenu lilipopimwa.